Kijito kilichofunikwa chini ya mtaa: kifunguliwe au kiachwe?

Swali: Msomaji wetu wa Mbeya, mjumbe wa serikali ya mtaa, anaandika kwamba kijito kinachoshuka kutoka upande wa mlima Loleza kilitiwa kwenye kalavati, yaani bomba kubwa la zege chini ya ardhi, miaka mingi iliyopita. Juu yake kuna slabu, vibanda na njia ya bodaboda. Kila mvua kubwa ikinyesha, maji yanafumuka kwenye chemba na kuingia majumbani. Anauliza kama kijito hicho kinaweza kufunguliwa kipite wazi na pembeni pawe mahali pa kupumzika, kazi ianzie wapi, na watoto watakuwa salama kiasi gani.

Jibu: Ndugu mjumbe, kinaweza, na huenda kukifungua kukapunguza mafuriko kuliko kuongeza kalavati jingine kando ya lililopo. Lakini kuna sharti moja ambalo miradi ya namna hii hulisahau: kijito husafishwa kabla ya kufunguliwa. Mkikifungua kikiwa bado kinapokea majitaka na taka za mtaa mzima, mtakuwa mmetengeneza mtaro wa uchafu ulio wazi mbele ya milango ya watu, na mwaka unaofuata wananchi wenyewe wataomba slabu zirudishwe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kalavati linapita wapi na nani anamwaga nini ndani yake. Tafuteni ramani ya zamani ya eneo, ile ya kipimo cha 1:50,000, pamoja na picha za anga kutoka kwa wapimaji wa ardhi. Mara nyingi kijito kinaonekana humo kama kilivyokuwa kabla ya nyumba. Waulizeni wazee maji yalikuwa yakichotwa wapi. Kisha fungueni chemba moja baada ya nyingine mkiwa juu, mmwage rangi maalumu ya kufuatilia maji kwenye chemba ya juu na kuangalia inatokea wapi na baada ya dakika ngapi. Mtu asiingie ndani ya kalavati, hata kwa dakika moja, hata kama pana nafasi ya kusimama. Hewa ya humo inaweza kukosa oksijeni au kuwa na gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikiwa nyingi huua pua kwanza, mtu anadhani harufu imeisha, kumbe ndiyo imezidi. Kazi ya ndani ni ya watu wenye kipima gesi, kamba ya kuokolea na mwenzao anayebaki juu.

Mwezi mzuri wa kupima ni Oktoba, mvua za Novemba hazijaanza. Maji yanayopita wakati huo kwa kawaida ni ya chemchemi au ni majitaka ya majumbani. Yapimeni wingi kwa ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita za ujazo 170 kwa siku. Kisha pelekeni sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji, mkiomba vipimo vya E. coli (bakteria wa kinyesi), amonia na uwezo wa maji kupitisha umeme. Chukueni sampuli tatu: juu kabisa kabla kijito hakijaingia kwenye kalavati, katikati, na kinapotokea. Sampuli ya juu ikiwa safi na ya chini ikiwa na amonia nyingi, mnajua uchafu unaingilia ndani ya mtaa wenu. Hapo mnafuata chemba kwa chemba hadi mpate bomba lenyewe.

Mtakachokuta kwa kawaida ni bomba la inchi nne kutoka kwenye karo lisilo na shimo la kunyonya, maji ya kufulia, na vyoo vya shimo ambavyo wenyewe huvitapisha mvua ikinyesha. Garaji na sehemu za kuoshea pikipiki humwaga oili. Kila bomba lipewe namba, lipigwe picha na mwenye nyumba aelezwe kwa heshima, na mjue atakapopeleka maji yake badala ya hapo: kwenye bomba la majitaka la mamlaka ya maji kama linapita karibu, au kwenye karo lenye shimo la kunyonya. Kuziba bomba bila kumpa mtu njia nyingine hakusaidii, atalitoboa usiku. Bafu la jirani likitoa maji ya sabuni peke yake, hilo si la kukwamisha mradi. Bomba la choo moja tu linatosha kuukwamisha.

Sasa hesabu ya mafuriko, maana ndiyo itakayowaambia kama nafasi mliyo nayo inatosha. Mhandisi wa jiji au wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ataifanya kwa takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini ni vizuri mjue inavyokwenda ili mmuulize maswali. Unachukua eneo linalomwaga maji kwenye kijito kwa hekta, unazidisha kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, unazidisha kwa sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi, kisha unagawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Paa la bati hutiririsha kiasi cha 0.9 ya mvua yote, nyasi kwenye mteremko mdogo kiasi cha 0.2, na mtaa uliojengwa kwa msongamano huchukuliwa kuwa 0.6 hivi.

Tuseme kwa mfano eneo ni hekta 80 na mvua ni milimita 60 kwa saa. Mnapata mita za ujazo 8 kwa sekunde. Kalavati la zege la kipenyo cha milimita 900 kwenye mteremko wa asilimia 2, likiwa safi kabisa, hupitisha takriban mita za ujazo 2.2. Yaani karibu robo tatu ya maji hayana pa kupita hata kabla hamjahesabu mchanga na viroba vilivyomo ndani. Ndiyo maana chemba zinafumuka. Kulizibua kila mwaka ni kazi njema, lakini hakugeuzi bomba la 2.2 kuwa la 8.

Mfereji wa wazi una nguvu ya kubeba kwa sababu kadiri maji yanavyopanda ndivyo unavyopanuka. Kwa mfano huohuo, mfereji wenye kitako cha mita 2 na kingo zinazolala kwa uwiano wa 1 kwenda juu kwa 2 kwenda kando, maji yakiwa na kina cha mita 1.25, unapitisha mita za ujazo 8 kwa sekunde kwenye mteremko wa nusu asilimia. Ongezeni sentimita 30 za akiba juu ya hapo. Kina kinakuwa mita 1.55 na upana wa juu mita 8.2. Wekeni njia ya miguu ya mita 2 upande mmoja na ya mita 3 upande wa pili, ambayo ekskaveta au tipa inaweza kupita kufanya usafi. Mnahitaji ukanda wa mita 13 hivi.

Mmeona nimetumia nusu asilimia ilhali ardhi inashuka kwa asilimia 2. Hapa ndipo mito iliyofunguliwa kwenye miji ya milimani hubomoka. Kwenye mteremko wote wa asilimia 2, maji ya mfereji huo yangekwenda karibu mita 3 kwa sekunde, na kingo za nyasi haziwezi kustahimili mwendo huo. Zinaanza kuchanika kati ya mita 1.5 na 2. Udongo wa majivu ya volkano ulio sehemu nyingi za Mbeya ni mwepesi, na ukishalowa unabebwa upesi. Dawa yake ni ngazi za mawe. Kila mita 20 mnaweka ngazi ya sentimita 30, na kati ya ngazi na ngazi mfereji unashuka taratibu kwa nusu asilimia. Mwendo wa maji unarudi kwenye mita 1.4 au 1.5 kwa sekunde.

Ngazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ikijengwa vibaya inaleta madhara kuliko kutokuwepo. Chimbeni mtaro kukatisha mfereji wote, kina nusu mita chini ya kitako, na muuendeleze ndani ya kila ukingo angalau mita moja. Tandikeni kitambaa cha kuchuja. Pangeni mawe ya sentimita 30 hadi 45, makubwa chini, kila jiwe likilalia mawili, na katikati pawe chini kidogo kuliko pembeni ili maji ya kiangazi na ya mvua yote yaelekee katikati. Mbele ya ngazi, mahali maji yanapoangukia, wekeni zulia la mawe la mita 1.5 hadi 2. Ngazi huharibika kwa njia mbili: maji yanaizunguka pembeni kwa sababu haikuingizwa ukingoni, au yanachimba chini yake kwa sababu zulia la mawe halikuwekwa. Fundi atawaambia amimine zege ili kuokoa mawe. Zege jembamba likichimbwa chini linavunjika lote kwa mkupuo, wakati mawe yaliyolegea yanatulia na unaweza kuongeza mengine.

Katikati ya kitako chongeni mkondo mdogo wa upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20, wenye kona ndogondogo. Huu ndio wa kubeba lita zenu mbili za Oktoba. Bila huo maji hutapakaa kitako chote, yanasimama, na maji yakisimama zaidi ya wiki moja mbu wanakamilisha uzazi. Kijito kinachotembea hakizalishi mbu wengi. Dimbwi chini ya slabu iliyovunjika, lenye maji ya sabuni na kinyesi, ndilo linalopendwa na mbu wanaowasumbua sasa.

Kuhusu wapi pa kuanzia, ushauri wangu ni kipande kimoja, cha chini, kwenye ardhi ambayo tayari ni ya umma: kiwanja cha shule, uwanja wa mtaa, pembeni mwa soko. Mji wa Berkeley, California, ulifanya hivyo mwaka 1984 kwa kijito cha Strawberry Creek: walifungua kama mita 60 tu ndani ya bustani mpya, na kipande hicho kimekuwa mfano unaotajwa hadi leo. Zurich, Uswisi, iliweka mpango wa vijito vyake mwaka 1988 na imeendelea kufungua vipande mwaka hadi mwaka, ikiwa na sababu ya kihesabu kabisa: maji safi ya chemchemi yalikuwa yakiingia kwenye mabomba ya majitaka na kugharimu fedha kuyasafisha bure. Mfano ambao watu wengi wataleta kikaoni ni Cheonggyecheon wa Seoul, kilomita 5.8, uliofunguliwa mwaka 2005 baada ya kubomoa barabara ya juu. Ni kazi kubwa, lakini msiichukue kama kipimo. Maji mengi ya pale husukumwa kwa pampu kutoka mto Han, kila siku, na mtaa wenu hauna bajeti ya umeme wa namna hiyo wala hauihitaji ikiwa kijito kina chemchemi yake.

Kwa kipande cha mita 60 chenye vipimo nilivyotaja, tarajieni kuchimba kama mita za ujazo 470. Udongo ukishachimbwa hututumka kwa robo hivi, kwa hiyo ni karibu safari 60 za tipa la mita za ujazo 10. Ngazi za mawe ni tatu. Jueni mapema kifusi kitakwenda wapi. Udongo safi wa juu utengwe kwa ajili ya kupandia, zege lisagwe au litumike kwenye msingi wa njia, nondo ziuzwe na fedha ziandikwe. Tope lililokuwa ndani ya kalavati lisitupwe shambani wala kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya watu. Kama juu kuna garaji au mahali pa kutengeneza betri, huenda likawa na oili na madini ya risasi. Lipimwe, na kama ni chafu lipelekwe dampo.

Uchimbaji ufanyike kati ya Juni na Septemba, kutoka chini kwenda juu, ili maji yanayoachiwa yawe na pa kwenda. Juu ya kipande wekeni kizuizi cha mifuko ya mchanga na bomba la muda la kuyapitisha maji pembeni. Kabla ya ekskaveta kugusa chochote, waiteni mamlaka ya maji, TANESCO na makampuni ya mkongo wa mawasiliano waonyeshe mabomba na nyaya zao. Juu ya slabu za zamani watu wengi wamepitisha vitu bila kuandika popote. Ukuta wa shimo wima usizidi mita 1.2 bila kulazwa au kuwekewa nguzo. Na msichimbe karibu na nyumba ya tofali za udongo kwa kukisia kwa macho. Chora mstari wa nyuzi 45 kushuka kutoka chini ya msingi wa nyumba: uchimbaji usikate mstari huo. Ukikata, hapo panahitaji ukuta wa gabioni, yaani masanduku ya waya ya mita 2 kwa 1 kwa 1, mawe ya sentimita 10 hadi 20, kitambaa cha kuchuja nyuma yake, na usanifu wa mhandisi. Bila kitambaa hicho udongo hupita katikati ya mawe, na ufa unaonekana kwenye nyumba ya jirani msimu wa pili.

Kazi isifike Oktoba. Ikionekana itachelewa, bora kuahirisha mwaka mzima kuliko mvua kukuta kingo zikiwa uchi.

Kupanda kufanyike mvua zikishashika, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kwenye kingo wekeni vetiva, nyasi zenye mizizi mirefu inayoshika udongo, mistari mitatu kila upande, mche kwa mche sentimita 15, majani yakikatwa hadi sentimita 20. Kwa mita 60 mnahitaji miche 2,400. Kati ya mistari sambazeni nyasi za kawaida za kienyeji. Juu ya ukingo pandeni miti rafiki wa maji, mikuyu na mizambarau pori, umbali wa mita 6 hadi 8, isiwe karibu na misingi ya nyumba. Mkaratusi hapana, hata kama kitalu kinaitoa bure. Mianzi inashika udongo vizuri sana lakini hutambaa, na kwenye mfereji wa mita 8 itaufunga. Iwekeni mbali, kama ipo nafasi.

Mwisho wa kipande chenu kijito kitaingia tena kalavatini, na hapo ndipo patakapowaletea taabu msipopaangalia. Wavu wa nondo lazima uwepo, nondo zikiachana sentimita 10, ukilala kwa nyuzi 45 hadi 60, na eneo lake liwe mara tatu au nne ya mdomo wa kalavati. Wavu mdogo uliosimama wima huzibwa na pampasi na chupa ndani ya nusu saa ya mvua, na mnafurika upya. Upande wa juu, kijito kinapoingia kwenu, chimbeni bwawa dogo la kunasa mchanga unaoshuka mlimani, lenye njia ya kufikia kwa koleo na toroli. Likijaa nusu linasafishwa. Tajeni mtu wa kusafisha wavu na bwawa na mumlipe, kwa sababu kazi ya kujitolea huisha mvua ya tatu.

Upande wa vibali, kijito ni mali ya umma hata kikiwa chini ya slabu. Sehemu kubwa ya jiji inamwaga maji upande wa Songwe, kwa hiyo Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, iliyo Mbeya, ihusishwe tangu mwanzo. (Msomaji wa Iringa aende Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko hukohuko Iringa.) Mradi usajiliwe NEMC, baraza la taifa la mazingira, waseme unahitaji tathmini ya kiwango gani. Mitaro na barabara za mtaa ni TARURA. Kama kalavati linapita chini ya barabara kuu ya kwenda Zambia, hiyo ni TANROADS, na kipande hicho kiacheni kilivyo.

Kuna jambo ambalo wenye nyumba watauliza kikao cha kwanza, na wana haki ya kuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtu aliyeishi miaka 30 pembeni mwa slabu ataona mradi wa bustani ni njia ya kumwekea alama ya X ukutani. Pateni msimamo wa Jiji na wa Bodi ya Bonde kwa maandishi kabla ya kuitisha mkutano: nyumba zipi zinaguswa, zipi haziguswi, na anayeguswa atalipwa kwa utaratibu gani. Wenye vibanda juu ya slabu waonyeshwe mahali pengine pa kufanyia biashara, kwa ramani. Msiwaahidi wananchi jambo ambalo barua haijasema.

Yapo maeneo ambayo jibu langu ni hapana. Kalavati likiwa kina cha mita 3, kingo za kulala zinahitaji upana wa mita 14 kabla ya njia za miguu; kama mna mita 6 kati ya kuta za nyumba, mtaishia na korongo lenye kuta wima, la hatari na lisilosafishika. Hapo ni afadhali kupunguza maji juu: matangi ya mvua kwenye shule na makanisa, mifereji ya nyasi kando ya barabara, na kipande cha wazi mahali penye nafasi zaidi.

Kuhusu watoto, umbo la mfereji ndilo linalowalinda kwanza. Kingo za 1 kwa 2 mtoto anaweza kupanda kwa miguu na mikono kutoka popote alipo, na hilo ni jambo ambalo mtaro wa zege wima haumruhusu. Penye ukuta wowote unaozidi mita moja wekeni uzio wa mita 1.1 wenye nguzo wima zisizopandika. Mdomo wa kalavati la chini uzungushiwe uzio pande zote, na mlango wake ufungwe kwa kufuli, funguo akae nayo msafishaji na nyingine ofisi ya mtaa. Mvua ikinyesha mlimani maji hupanda haraka hata kama mtaani kuna jua, kwa hiyo walimu wa shule iliyo karibu waambiwe hivyo mapema, na njia ya kwenda shule ipite kwenye daraja, isipite kwenye ngazi za mawe.